Wahariri wa Kukodiwa

Ernst Dammann, mtaalamu wa lugha kutoka Ujerumani, alifika Lamu katika miaka ya 1936 na 1937 akitafuta tenzi. Tenzi zilikuwepo, ila zilikuwa zimetawanyika: nyingine zimo vifuani mwa watu, nyingine kwenye karatasi zilizoliwa na wadudu, nyingine katika nakala mbili tatu zisizolingana. Mtu aliyeweza kumpa nakala safi, inayosomeka tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, alikuwa Muhamadi Kijuma, mzee aliyekwisha vuka miaka 70, mpiga kinanda, mchonga mbao, mshairi, na mwenye hati ambayo wataalamu wa miswada huitambua kwa kuitupia jicho tu.

Kijuma hakuwa na ofisi wala mshahara. Alilipwa kwa kazi. Mwaka 1913 alimwandikia Mwingereza Alice Werner utenzi wa Fumo Liyongo, na miaka ya baadaye William Hichens alikuwa akimwagizia miswada kwa barua kutoka Uingereza. Sehemu kubwa ya kazi za mkono wake imo London katika maktaba ya School of Oriental and African Studies, na fungu jingine liko Ujerumani. Beti za utenzi alizipanga kwa nafasi, vipande vyake vimetenganishwa kwa alama ndogo, na mwishoni akaweka jina lake na tarehe. Kati ya mwanzo na mwisho huo ndimo kazi yenyewe ilimofanyika. Nakala mbili zinapogombana, mmoja lazima aamue. Mshororo ukipungua mizani, mmoja lazima aseme kama kosa ni la mtunzi au la mnakili aliyetangulia. Kijuma aliamua, na aliamua kwa ujasiri kiasi kwamba hadi leo watafiti hawakubaliani, katika baadhi ya tenzi, mnakili anaishia wapi na mtunzi anaanzia wapi.

Kabla yake palikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Bila yeye, pengine mashairi ya Muyaka bin Haji yangetufikia vipande vipande. Sikujua aliyakusanya kutoka kwa wazee, akayaandika kwa herufi za Kiarabu na kumfafanulia mmisionari W. E. Taylor kila palipokuwa na fumbo. Diwani ya Muyaka ilipochapwa Johannesburg mwaka 1940 chini ya uhariri wa Hichens, Sikujua alikuwa amekwisha lala kaburini nusu karne. Mwenendo huu ulikwenda pia upande wa pili. Mwaka 1903 kilitoka Ujerumani kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho kwa sehemu kubwa ni maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin. Jina lililosimama juu ya kitabu lilikuwa la Carl Velten, mhariri. Lamu mhariri alifichwa nyuma ya mtunzi na nyuma ya Mzungu. Berlin mhariri alimmeza mtunzi.

Kwa hiyo anayedhani kwamba mhariri wa kukodiwa, yule anayefanya kazi nyumbani kwake na kulipwa kwa mswada, ni kiumbe wa enzi ya kompyuta, amekosea kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilicho kigeni katika historia ya maandishi ya Kiswahili ni ofisi.

Ofisi ilikuja tarehe 1 Januari 1930. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikuwa umekwisha kuchagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na sasa serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zikaunda kamati moja ya lugha, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi za Kamati hiyo ilikuwa kuchunguza na, ikibidi, kusahihisha Kiswahili cha vitabu vya shule na vya kawaida kabla havijachapwa. Nyingine ilikuwa kuwasaidia na kuwatia moyo waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa. Jukumu la pili ni zuri kulisoma. La kwanza ndilo lililofanyiwa kazi kwa bidii zaidi.

Utaratibu ulikuwa huu: mswada unapelekwa kwa katibu, unazungushwa kwa wasomaji katika nchi zile nne, maoni yanarudi, mwandishi anarekebisha, na mwisho kitabu kinapata idhini ya Kamati. Kitabu kisicho na idhini kilikuwa na nafasi finyu ya kuingia darasani, na nje ya darasa wanunuzi walikuwa wachache. Mwandishi hakuchagua msomaji wake. Katika miaka ya mwanzo meza ile haikuwa hata na Mwafrika mmoja. Waafrika walianza kuketi kama wajumbe katika miaka ya 1940. Johnson naye hakuwa mwamuzi asiyecheza: mwaka mmoja tu kabla ya Kamati kuanza kazi, tafsiri zake za Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani zilikuwa tayari zimetoka. Kiswahili alichokiandika yeye na wenzake ndicho kilichokuwa kipimo cha Kiswahili cha wengine.

Si haki kuibeza Kamati yote. Kabla yake, mtu aliandika neno moja kwa tahajia tatu kulingana na misheni aliyosomea, na mwalimu wa Tabora hakuwa na hakika kama kitabu cha Mombasa kitaeleweka darasani kwake. Kamusi ya Johnson, iliyotoka mwaka 1939, miaka miwili baada ya kifo chake, ilimpa kila mpitiaji wa mswada mahali pa kukimbilia penye ubishi. Lakini bei yake ililipwa na watu wa pwani ya kaskazini. Mwandishi wa Mombasa aliyezoea kuandika nti, mato na ndoo alirudishiwa nchi, macho na njoo, kana kwamba alikosea. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1977, waliandika bila kuficha kinyongo juu ya usanifishaji ulioongozwa na wageni, na ukisoma barua za malalamiko zinazoandikwa mpaka leo kuhusu lahaja utaona kwamba jeraha lile halijapona.

Shaaban Robert aliishi katikati ya mfumo huo. Alikuwa mtumishi wa serikali, miswada yake aliiandika nje ya saa za kazi, na ilibidi ivuke bahari: Pambo la Lugha lilichapwa Johannesburg, Maisha Yangu na Kusadikika vikatoka kwa Nelson wa London, Adili na Nduguze kwa Macmillan. Kufikirika alikiandika mwaka 1946. Kilichapwa Nairobi mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Barua zake kwa ndugu yake Yusuf Ulenge, za kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, zilizotolewa baadaye na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, zinamwonyesha mtu aliyejua thamani ya alichoandika na aliyelazimika kusubiri. Baadaye yeye mwenyewe aliingia katika Kamati, na Wasifu wa Siti binti Saad ukatokea kwanza katika jarida la Kamati hiyo mwaka 1958. Hata hivyo mwandishi mkubwa kuliko wote wa karne ile hakuwahi kuwa na anasa ambayo kijana wa leo mwenye simu anayo: kumtafuta mtu anayemwamini, kumkabidhi mswada, na kumwambia aseme ukweli.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, serikali za kikoloni zilitaka vitabu vingi zaidi kuliko Kamati ilivyoweza kukagua. Mwaka 1948 ikaundwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi, chini ya Charles Richards. Hapa mwandishi alianza kupata kitu kinachofanana na huduma. Ofisi ilipokea miswada kutoka kwa walimu, makarani na wakulima, ikaisoma, ikawashauri wenyewe, kisha ama ikaichapa ama ikaipeleka kwa mchapishaji. Mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958 yaliibua Mzimu wa Watu wa Kale, na mpelelezi Bwana Msa akaingia katika fasihi kitabu kilipotoka mwaka 1960. Mwandishi wake, Muhammed Said Abdulla, hakuwa mgeni wa kalamu nyekundu. Alikuwa amehariri magazeti ya Zanzibar kwa miaka kadhaa, kisha akahamia jarida la wakulima, Mkulima. Huenda ndiyo sababu hadithi zake hazina mafuta ya ziada: aliyezoea kukata makala za wengine zitoshee safu ya gazeti huwa haoni tabu kukata zake.

Uhuru ulileta kampuni. East African Publishing House ilianza Nairobi mwaka 1965, Tanzania Publishing House ikafuata Dar es Salaam mwaka 1966. Kamati ya lugha nayo ilikuwa imekwisha hama kutoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, Makerere, Mombasa na kurudi Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikawa taasisi ya Chuo Kikuu. Miaka mitatu baadaye likaja Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ambalo ithibati yake ya lugha kwa vitabu vya shule ni mjukuu halali wa ile idhini ya 1930. Katika kampuni hizi mhariri alikuwa mwajiriwa, ana meza, ana trei ya miswada inayoingia na nyingine ya inayotoka. Walter Bgoya aliiongoza Tanzania Publishing House tangu 1972, na miongoni mwa riwaya zilizopita humo ni Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli za Adam Shafi.

Kuhusu faida ya kurudi nyuma na kusahihisha, mfano ulio wazi zaidi wa miaka hiyo ulitoka Ikulu. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaizari, ikachapwa na Oxford mwaka 1963. Mwingine angeridhika. Yeye aliipitia upya, na mwaka 1969 likatoka toleo la pili, hata jina limebadilika na kuwa Juliasi Kaizari. Rais wa nchi alikubali kwamba mswada uliokwisha chapwa unaweza bado kuwa mbichi. Wapo waandishi wasio marais ambao ukiwaambia waondoe aya moja wanakasirika mwezi mzima.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, ile ofisi ya 1948 ilikatwa vipande. Kenya ikabaki na Kenya Literature Bureau, Tanzania ikaunda shirika lake lenye makao Arusha. Karatasi ikawa adimu Tanzania, kampuni za umma zikadorora, na vitabu vya shule vikapewa kipaumbele kwa kila rimu iliyopatikana. Riwaya ikabaki mlangoni. Hapo ndipo waandishi wa Dar es Salaam walipoamua kutosubiri tena. Elvis Musiba, ambaye Kufa na Kupona ilitolewa na ofisi ya Nairobi mwaka 1974, aliunda kampuni yake, Continental Publishers, na Njama ikatoka humo mwaka 1981. Kajubi Mukajanga alikuwa na Grand Arts Promotion. Ben Mtobwa alikuja na Heko. Vitabu vyao vilikuwa vyembamba, vyenye jalada la kuvutia, na viliuzwa pale pale penye magazeti na sigara.

Wahakiki wa Chuo Kikuu waliviita fasihi pendwa kwa sauti ya kubana pua. Walikuwa na haki juu ya makosa ya chapa, maana mengine yanatia aibu: jina la mhusika linabadilika katikati ya sura, alama za usemi zinafunguliwa na hazifungwi. Lakini biashara yenyewe ilikuwa imegeuka bila mtu kuitangaza. Mwandishi ndiye aliyekuwa sasa mwenye fedha, mwenye karatasi na mwenye hasara, na mswada ukihitaji jicho la pili ni yeye aliyemtafuta mwenye jicho hilo na kumlipa. Mkataba wa Kijuma ulikuwa umerudi.

Mageuzi ya miaka ya 1990 yaliufanya kuwa kanuni. Tanzania iliachia uchapishaji wa vitabu vya kiada utoke mikononi mwa serikali, na Kenya ikafuata na sera yake ya vitabu ya mwaka 1998. Bgoya aliondoka shirika la umma na kuanzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991. Elieshi Lema na Demere Kitunga walikuwa wametangulia, mwaka 1989, na kampuni yao E & D. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza Tanzania mwaka 1991, uliwafundisha waandishi, wachoraji na wahariri kwa pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Kampuni hizi zilikuwa ndogo. Hazikuweza kuajiri mhariri wa Hisabati, wa Sayansi na wa Kiswahili wakae mwaka mzima wakisubiri mtaala ubadilike. Kamati ya kuidhinisha vitabu vya kiada ya Tanzania, EMAC, iliyoundwa mwaka 1999 na kuvunjwa mwaka 2013, ilipotangaza kupokea miswada, kila mchapishaji alihitaji wahariri watano wiki ile ile. Wiki iliyofuata hakumhitaji hata mmoja. Walimu wastaafu, wahadhiri, watangazaji wa zamani wa redio na wahariri walioachishwa kazi na mashirika ya umma wakaanza kubeba bahasha za kaki kwenda nazo nyumbani. Nairobi hali ni hiyo hiyo: mtaala ukibadilika simu zinaita, ukitulia zinanyamaza.

Ni vema kuitazama kazi yenyewe, maana wengi huidhania kuwa ni kuwinda herufi. Chukua sentensi kama hii, ya aina inayopatikana katika miswada kila siku: Vitabu zake ilikuwa kwenye mezani. Mhariri ataandika: Vitabu vyake vilikuwa mezani. Upatanisho umerudi na kiambishi cha mahali kimeachwa peke yake. Kazi hiyo huchukua sekunde tano na anaiweza yeyote aliyefaulu mtihani. Ukurasa unaofuata ni mgumu zaidi. Muuza samaki wa soko la Feri, Dar es Salaam, anamwambia mteja: Ninakuomba uniongezee shilingi mia tano, kwa kuwa samaki huyu ni mkubwa. Sarufi haina kasoro, ila hakuna muuza samaki aliye hai anayesema hivyo. Mhariri mzuri ataweka alama ya kuuliza pembeni na kupendekeza: Ongeza jero, bosi, huyu mkubwa. Hapo anamtoa mwandishi kwenye Kiswahili cha mtihani na kumrudisha sokoni. Kamati ya 1930 isingeweza kufanya hivyo, kwa sababu haikuundwa kwa ajili hiyo.

Pia kuna mambo ambayo hayaonekani katika sentensi yoyote. Mjane wa sura ya pili ana watoto watatu, katika sura ya tisa wamekuwa wawili na hakuna msiba uliotajwa. Mvua za vuli zinanyesha mwezi wa Juni. Mhariri hujiandikia daftari la pembeni lenye majina, umri, tarehe na njia walizopita wahusika.

Vifaa vimebadilika kuliko akili ya kazi. Katika mitambo ya misheni, kama ule wa Tabora au wa Ndanda, prufu ilitoka ikiwa ukanda mrefu wa karatasi, na kila badiliko lilimaanisha mpanga herufi aondoe risasi kwa mkono, hivyo mwandishi aliyebadili mawazo dakika ya mwisho hakupendwa. Leo mabadiliko yanaonekana kwenye skrini kwa rangi na mwandishi anayakubali au anayakataa moja moja. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, zikiwa na kikagua tahajia. Kikagua hicho na vingine vilivyofuata vinasumbuliwa na kitenzi chetu: mzizi mmoja, -pik-, unazaa hawatatupikia, alivyompikia, wasingepikiana na mengine maelfu, na mashine hupiga mstari mwekundu chini ya neno ambalo bibi yeyote wa Pangani angelisema bila kusita. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka mwaka 1981, bado iko mezani pa kila mhariri anayejiheshimu, hata kama sasa imo ndani ya simu.

Tuzo nazo zimeongeza kazi. Tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilipokea miswada ambayo haijachapwa, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 2023, imewafanya vijana wengi wa Tanzania wafungue tena mafaili waliyoyasahau. Anayeshindana hutaka mswada upitiwe kabla ya kuutuma. Malipo ni ya kupatana, kwa kurasa au kwa maneno, nusu kabla na nusu baada. Wenye uzoefu wamehamia kwenye maneno, kwa kuwa wapo waandishi waliogundua kwamba ukipunguza ukubwa wa herufi kurasa 300 huwa 190.

Hakuna leseni ya kazi hii, si Dar es Salaam, si Nairobi, si Zanzibar. BAKITA na mwenzake wa Zanzibar, BAKIZA, hukagua lugha, hayamdhamini mhariri aliyekuomba malipo ya awali. Mwandishi ampe mhariri sura moja ya majaribio kwanza, waandikiane kama kazi ni ya lugha tu au ni ya hadithi nzima, na wataje siku ya kurudisha. Wachapishaji nao wana deni la muda mrefu. Fungua riwaya kumi za Kiswahili uangalie ukurasa wa haki miliki: utaona jina la mchapishaji, la mchapaji, la mchora jalada, mara nyingi hata la mpiga picha. Jina la mhariri utalitafuta. Mstari mmoja unatosha, na kuuchapa hakugharimu chochote. Uwekwe kuanzia toleo lijalo.